Kamera ya filimu ya kujifunzia: K1000, AE-1 au FM2?

Himbi_Picha: Wakubwa, jambo kutoka Goma. Natafuta kamera ya filimu ambayo kasi, tundu la lenzi na fokasi napanga mwenyewe. Naonyeshwa Pentax K1000, Canon AE-1 na Nikon FM2. Nichukue ipi, na niikague vipi kabla ya kutoa dola?

Fundi_Birere: AE-1 iache, mdogo wangu. Shata yake (pazia linalofunguka kupitisha mwanga kwenye filimu) inategemea umeme: betri ya volti 6 ikiisha, haipigi kabisa. K1000 na FM2 ni za springi. Betri ni ya kipima mwanga tu, LR44 moja kwa K1000, mbili kwa FM2. K1000 haina swichi ya kipima mwanga, kwa hiyo ukimaliza kupiga funika lenzi, la sivyo betri inaliwa bure.

Kukagua: fungua mlango wa nyuma bila filimu, elekeza lenzi kwenye mwanga, piga kasi zote kuanzia sekunde 1. Kwenye 1/1000 mwanga uonekane fremu nzima; upande mmoja ukibaki giza, pazia linakwama, irudishe kwa mwenyewe. Mapazia ya FM2 ni chuma chembamba, usiyaguse. Sponji za mlango, zile za kuzuia mwanga, zikinata vidoleni, si neno: kwangua, weka uzi mweusi wa sufu. Lakini kuvu ndani ya lenzi, hapana.

Kivu35: FM2 inafika kasi ya 1/4000 ya sekunde, na jua letu la saa sita linaihitaji. Kwa K1000, inayoishia 1/1000, filimu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filimu kupokea mwanga) itakubana kwenye f/11, yaani tundu dogo, huwezi kufifisha nyuma ya mtu. Tumia ISO 100, utashuka hadi f/5.6, tundu kubwa zaidi. Halafu jihadhari na mawe ya volkeno! Kipima mwanga hudhani kila kitu ni kijivu; ukipima lava, uso wa mtu utaungua, yaani utatoka mweupe mno. Pima kiganja chako kwenye mwanga uleule, kisha ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili. Chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya mizigo) inayoteremka, ipige kwa 1/500.

Himbi_Picha: Asanti sana. Basi K1000. Nitajuaje filimu imeshika?

Fundi_Birere: Kaza polepole kitasa cha kurudishia filimu, kisha sogeza filimu. Kitasa kikizunguka chenyewe, inatembea. Kikitulia, fungua upya, maana utapiga pozi 36 za hewa. Na kabla ya kurudisha filimu kwenye mkebe wake, bonyeza kitufe cha chini ya kamera, ukilazimisha, inachanika.