SMS, programu ya uthibitishaji au ufunguo wa USB: ipi inamfaa mwenye laini moja?

MamaNafaka_Nyamakima
Hamjambo wanajukwaa. Ninauza nafaka hapa Nyamakima na pia ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, kwa hivyo barua pepe, programu ya benki na M-Pesa, vyote vinategemea laini yangu moja. Kijana wangu ananihimiza niache kupokea nambari za uthibitisho kwa SMS, nitumie ama programu inayotoa nambari hizo ndani ya simu, ama ufunguo mdogo wa kuchomeka. Naomba mnilinganishie njia hizo tatu, mkikumbuka kwamba hapa mjini simu hunyakuliwa mchana kweupe.

Fundi_Luthuli
Mama, pole na kazi. SMS ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu ujumbe huifuata laini popote ilipo, na laini inaweza kuhamishwa. Tapeli aliyepata nambari ya kitambulisho chako, akifaulu kumhadaa au kumhonga mhudumu ili abadilishiwe laini yako, simu yako hupoteza mtandao ghafla na ujumbe wote wa benki huingia kwake. Wengi hudhani ni hitilafu ya mitambo, wakasubiri irudi, na katika muda huo salio huisha, kisha mikopo ya Fuliza na M-Shwari huchukuliwa kwa jina la mwenye laini. Programu ya uthibitishaji haidhuriki kwa njia hiyo. Nambari zake za tarakimu sita hutokana na siri iliyohifadhiwa ndani ya simu pamoja na saa ya simu hiyo, hubadilika kila baada ya sekunde 30, na hupatikana hata bando likiwa limeisha. Mimi ningechagua hiyo bila kusita.

Wakili_wa_Ngara
Fundi amesema kweli, ila tusimpe mama matumaini yasiyokuwapo. Kwenye M-Pesa hakuna cha kuchagua: kinga ni laini yenyewe na nambari ya siri ya tarakimu nne, na benki nyingi bado zitakutumia SMS upende usipende. Kwa hivyo, hata ukiwa na programu nzuri namna gani, laini lazima ilindwe kwanza. Kama ni ya Safaricom, piga *100*100# ili isibadilishwe na wakala yeyote, mpaka wewe mwenyewe ufike dukani kwao na kitambulisho. Kisha iwekee laini nambari yake ya siri katika mipangilio ya simu. Hatua hii hupuuzwa sana, ilhali mwizi akikuta simu imefungwa huchomoa tu laini na kuitia katika kabambe, yaani simu ndogo ya vibonyezo, na SMS zako zikaanza kuingia humo. Laini yenye nambari ya siri itamdai nambari hiyo, na akikosea mara tatu itajifunga. Tena, Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Anayekupigia kwa nambari nyingine akijidai ni wa huduma kwa wateja, mkatie simu.

Binti_Roysambu
Naomba kuutetea ufunguo wa USB, maana naona umesahaulika. SMS na programu zina udhaifu mmoja wa pamoja, kwamba mtu anaweza kudanganywa aziandike nambari zake katika ukurasa bandia uliofanana na wa benki au wa barua pepe, na tapeli akazitumia papo hapo. Ufunguo hauna nambari ya kumtajia mtu. Wenyewe huhakiki anwani ya tovuti, na ikiwa si ile uliyoisajili, haujibu. Ubaya wake ni gharama, kwa kuwa unahitaji funguo mbili, mmoja wa kutembea nao na mwingine wa kubaki nyumbani, na pia kwamba benki nyingi za hapa haziutambui. Kwa barua pepe, mama anaweza kupata kinga ya aina hiyohiyo bila malipo kwa kutumia ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu, ule unaofunguliwa kwa alama ya kidole.

MamaNafaka_Nyamakima
Asanteni sana. Sasa simu yenye programu ikinyakuliwa pale Globe, nitaingiaje katika barua pepe yangu?

Fundi_Luthuli
Google hukupa nambari 10 za akiba, kila moja ikitumika mara moja tu. Zichapishe leo, uziweke nyumbani pamoja na hati zako, wala usizipige picha kwa simu hiyohiyo. Isitoshe, tangu 2023 programu yao ya uthibitishaji inaweza kuhifadhi nakala katika akaunti yako, hivyo ukinunua simu nyingine nambari zote hurejea.

Wakili_wa_Ngara
Hiyo nakala mimi siiafiki sana, Fundi. Anayeipenya barua pepe atazikuta na nambari za akaunti nyingine zote humo humo.

Binti_Roysambu
Ndiyo maana ningeanza na barua pepe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa huko ndiko viungo vya kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine hutumwa. Mama, ukishaweka programu au ufunguo na kuzichapisha zile nambari za akiba, fungua mipangilio ya usalama uangalie njia za kurejesha akaunti. Nambari yako ya simu ikibaki pale, aliyeiba laini bado anaweza kuomba kutumiwa SMS na kuingia kwa mlango huo, hata ukiwa na programu. Iondoe, uweke barua pepe ya mtu wa nyumbani unayemwamini.