Nahamia Kitengela mwezi ujao, ajenti amenificha nini?

GhorofaYaTano: Wadau hamjambo. Nimechoka na Pipeline hapa Nairobi, mchana kutwa nawasha taa juu jirani alijenga hadi kwa dirisha langu. Nimeona keja Kitengela, huko nje ya Nairobi upande wa kusini, rent ni ile ile na jua linaingia hadi jikoni. Shida kila mtu nikimwambia ananicheka eti nahamia jangwani. Nafanya kazi tao, naingia saa mbili, na niko na mtoto wa miaka mitatu. Wenye mnaishi huko nipeni ukweli.

MamaWawili: Karibu baba. Jangwa si jangwa ila kabla uulize rent fungua mfereji uonje. Maji mengi huku ni ya visima na yana chumvi, sabuni haitoi povu, maharagwe yanachemka gesi inaisha na bado ni magumu, birika ndani imeshika ukoko mweupe kama imepakwa chokaa. Na huyo mtoto usimpe hayo maji ya kunywa kabisa. Mengi yana floraidi na saa hii meno yake ya ukubwani ndio yanajitengeneza ndani ya ufizi. Kuchemsha hakusaidii, inazidi tu kukolea. Wangu wa kwanza nilikuwa namgombeza kila asubuhi eti hapigi mswaki vizuri, kumbe hiyo kahawia iko kwa jino lenyewe. Huyu wa pili ananunuliwa ya kunywa, kufua ndio tunatumia ya kisima.

fundi_mawe: Maji ameshasema mama. Mimi nitasema udongo. Huu mweusi ukikauka unapasuka hadi mkono unaingia, ukinyeshewa unafura, sasa nyumba ambayo mwenyewe aliona uchungu kuchimba msingi hadi chini kwa mawe utaiona tu, nyufa zinaanzia kona za madirisha zinapanda kama ngazi. Rangi mpya isikudanganye. Na nunua gambuti, viatu vya kazi utavivalia steji.

saa_kumi_na_moja: Kuingia saa mbili? Jina langu ndio jibu 😂 Ile ekspresiwei ya 2022 inaanzia Mlolongo, jam ya kabla ya hapo ni yako.

mtoto_wa_boma: Hiyo "jangwa" yenu ndio malisho tuliyokulia bana. Nairobi National Park upande wa kusini haina fensi, mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia walikuwa wanatoka wanatawanyika hadi nyanda za Kapiti, simba nyuma yao. Saa hii kila mtu ako na ploti ya futi 50 kwa 100 na ukuta wake, wapite wapi? 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki hapa hapa Kitengela baada ya kuingilia mbuzi. Wengine mnakuja mnashangaa fisi analia usiku, na yeye ndiye mlimkuta. Lakini karibu, tuliwauzia wenyewe.

GhorofaYaTano: Asanteni. Jana nilienda nikaonja kwanza kabla ya salamu, landlodi akaniangalia hivi akasema "utazoea". Nyufa sikuona lakini kona moja ya dirisha imepakwa rangi juzi juzi, bado inanuka. @fundi_mawe unaweza nisindikiza Jumamosi? Chai ni yangu, na maji nakuja nayo kutoka Pipeline.