Moshi wa miwa inayochomwa jioni: wenzangu wa Kibos na Miwani mnafanyaje na watoto?

mama_kibos
Habari zenu jamani. Naishi upande wa Kibos, Kisumu, karibu na mashamba ya miwa na tangu kiangazi kianze hatulali. Mchana kuko sawa kabisa, upepo wa ziwa unavuma, lakini jua likizama tu mtu anawasha shamba lake mahali, moto wenyewe huuoni, unaona anga limekuwa jekundu upande wa Miwani, alafu kufika usiku nyumba yote inanuka moshi na asubuhi nguo kwa kamba zimejaa vile vipande virefu vyeusi vya masizi, ukijaribu kukitoa kinapondeka na kuacha mstari mweusi kwa shati la shule. Kijana wangu ako na pumu, inhela tunayo, lakini usiku anakohoa mpaka anatapika. Jirani ameniambia nimfunge kitambaa chenye maji puani alale nacho, hiyo inasaidia kweli? Na mbona moshi uje usiku pekee? Na nikitaka kulalamika naenda kwa nani, maana sitaki vita na wakulima, wengine ni watu wetu kabisa.

nasi_wa_zamu
Pole sana mama. Kitambaa acha, na usimfunge mtoto kitu chochote puani akiwa amelala. Hayo masizi unayoyaona kwa nguo ni makubwa, mengi yanaishia puani na kooni. Kinachomuumiza ni chembe ambazo huzioni, PM2.5, upana wake hauzidi mikroni 2.5, unywele ni kama mara thelathini ya hapo, hizo zinashuka mpaka mwisho wa mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha saa 24 kutoka mikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Maski ya N95 inazishika lakini kwa uso wa mtoto mdogo haikai vizuri.

Chagua chumba kimoja alale humo, funga madirisha kabla jua halijazama, kile kitambaa chenye maji kiweke chini ya mlango. Usiku huo msipikie makaa ama kuni ndani, na koili ya mbu msiwashe kabisa, tumieni neti, juu koili nayo ni moshi mwingine ndani ya chumba umefunga. Inhela ampulizie kupitia spesa, kile kichupa cha kuweka kati ya inhela na mdomo, kama hauna, chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ikashika inhela vizuri inafanya hiyo kazi. Na kama anaihitaji usiku mara kwa mara mpeleke kliniki, kuna dawa ya kuzuia ya kila siku, ile inhela ya bluu ni ya kutuliza tu. Ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, ama hawezi kumaliza sentensi, ni hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi.

mwalimu_jografia
Kuhusu usiku, ni upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, kwa hivyo hewa inatoka ziwani kwenda bara, moshi wa Kibos na Miwani unasukumwa kule Chemelil, Muhoroni na milima ya Nandi. Usiku inageuka, hewa baridi inateremka kutoka milimani kuelekea ziwani, inapita uwanda wote wa Kano na kuwafikia nyinyi. Tena hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu moshi haupandi, unalala hapo hapo mpaka jua likolee asubuhi. Kwa hivyo fungua madirisha saa nne hivi, sio saa kumi na mbili.

Na msishangae mkiangalia ramani ya moto ya NASA, ile FIRMS, mkute Kano haina kitu. Zile setilaiti zinazopima vizuri zaidi zinapita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Shamba dogo la miwa likiwashwa jioni linaisha kuungua haraka, setilaiti ikifika ni majivu.

mkulima_muhoroni
Mimi ni mkulima na sitawatetea wote lakini sikilizeni pia upande wetu. Wakataji hawataki kuingia miwa yenye majani, yanakata mikono, na nyoka wako humo, kwa hivyo miwa mibichi, ile haijachomwa, wanataka malipo zaidi na mkulima hana. Alafu kuna hii ya kibali cha kuvuna kuchelewa. Miwa ikishaungua inapoteza uzito na sukari kila siku, lazima isagwe haraka, basi wengine wanachoma ili waruke foleni, na wengine wanachomewa na watu wasiojulikana, anaamka anakuta hasara na kiwandani anakatwa malipo juu ya hiyo.

Jioni tunachoma juu upepo umetulia, mchana moto unaruka kwa shamba la jirani. Na ukisema tuchome mchana, moshi unakuja kwetu huku na sisi tuko na watoto.

Dawa ni kukata bila kuchoma. Majani yakibaki shambani yanatunza unyevu na magugu hayaoti sana, nimeona mchipuko unavyotoka hapo. Brazil jimbo la São Paulo walipitisha sheria 2002 ya kumaliza uchomaji pole pole, ila wao waliingiza mashine, huku mashamba yetu ni vipande vidogo, lazima kiwanda kiongeze pesa ya mkataji.

mama_kibos
Asanteni sana, hiyo ya madirisha naanza leo. Lakini malalamiko bado sijajibiwa.

mwalimu_jografia
Anza na chifu na ofisi ya mazingira ya kaunti, kisha NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya kitaifa, andika tarehe, saa na upande moshi ulitoka, piga na picha. Ibara ya 42 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi na ya 70 inakuruhusu kwenda kortini, hata hauhitaji kuonyesha umepata hasara.

mkulima_muhoroni
Kabla ya hiyo, mama, muulize chifu awaite wakulima wa hapo na kiongozi wa wakataji. Mistari iliyo karibu na nyumba ikatwe mibichi na tofauti ya malipo wagawane, na anayechoma mbali atume ujumbe kabla ili mfunge mapema. Ukipata siku ya mkutano niambie nije niongee nao, mkulima anamsikiza mkulima.