Anayetania dini yetu, tumpeleke parke, ofisi ya mwendesha mashtaka?

Wa Kamalondo:
Wandugu, hodi. Kijana wa vichekesho amevaa koti pana na kumwigiza pasta anayeuza mafuta ya upako, na video yake inazunguka Lubumbashi yetu nzima, hapa Kongo. Nusu ya watu wanacheka, nusu wanataka akamatwe kwa kumtukana Mungu. Mimi nasema asikamatwe, wala si kwa mzaha wa mapasta tu. Hata akisema Biblia ni hadithi za wazee, hata akiniudhi mimi ninayefunga na kusali. Ajibiwe au apuuzwe, lakini polisi wakae mbali.

Sababu yangu iko mjini humu. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa kule Nkamba, Kongo ya Chini, Aprili 1921. Wamisionari wakalalamika kwamba anawapotosha waumini wao, serikali ya Wabelgiji ikaona utawala unatikiswa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme Albert akabadilisha adhabu ikawa kifungo cha maisha, na mtu akaletwa huku Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville wakati ule, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 ndani, kwa miezi michache ya mahubiri.

Masikioni mwa wamisionari wale, Kimbangu alikuwa anaichezea dini. Leo, tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima yake. Wanaodai sheria kali dhidi ya makufuru nao wanapumzika siku hiyo, sijui wanadhani wanapumzikia nini.

Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inalinda imani. Cha 23 kinalinda kusema, ila kinaacha mlango: sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Huo mlango ndio ninaouogopa.

Mama wa Katuba:
Mwanangu, unachanganya mambo. Kimbangu alimhubiri Yesu. Huyu wa video leo ni pasta, kesho atamfanyia mzaha Bikira Maria ili apate watazamaji. Mtu akimtukana mama yako sokoni, utamwambia ngoja nikujibu kwa hoja? Hapa kwetu Wakatoliki, Wametodisti, watu wa uamsho na Waislamu wanapanga katika kiwanja kimoja na kuchota maji pamoja. Heshima ndiyo inayotuweka. Iondoeni, muone ngumi.

Wa Kamalondo:
Mama, nakuheshimu. Kwamba Kimbangu alimhubiri Yesu, wewe unalijua leo. Majaji wa 1921 waliona mchochezi. Mwaka 1986 Mobutu alipiga marufuku Mashahidi wa Yehova, wakabaki hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha amri ile mwaka 1993. Nao walikuwa wanamhubiri Yesu.

Kuhusu mama yangu: mtu aliye hai akisingiziwa au kutukanwa hadharani, kanuni ya adhabu ina vifungu vya 74 na 75. Bikira Maria hawezi kufika mahakamani kusema ameumia. Atakayefika ni mtu anayedai ametumwa naye.

Mwana Bukavu:
Ninyi mnajadili vichekesho. Sisi wa Kivu tunajua neno linaua. Radio Mille Collines, iliyochochea mauaji ya kimbari Rwanda 1994, ilianza na utani pia, tena watu waliipenda kwa muziki wake. Wakimbizi waliotufikia mwaka ule, na vita vilivyofuata, hatujamaliza kuvilipia. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha iliwatia hatiani watu wa redio ile. Kwa hiyo msiniambie kila neno liachwe.

Lakini kuna hili pia. Krismasi ya 1999 Askofu Mkuu wetu Emmanuel Kataliko aliandika barua ya kichungaji: wageni wanaipora nchi wakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu. RCD, waasi waliokuwa wakitawala Bukavu, wakasema anachochea chuki. Februari 2000 wakamfukuzia Butembo. Alirudi Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba akafia Roma. Neno ni lilelile, uchochezi. Nani ataamua?

Wa Kamalondo:
Swali lako ni zito kuliko langu, ndugu. Jaribio langu ni hili: je, neno hilo linamwita yeyote amdhuru mwenzake? Redio ile ilitaja majina na mahali watu walipojificha. Barua ya Kataliko haikumwambia yeyote ashike panga. Video ya pasta inasema anapenda pesa. Aprili 2024 mwendesha mashtaka mkuu Firmin Mvonde aliagiza Kadinali Ambongo achunguzwe kwa maneno ya uchochezi. Kadinali mzima! Tukiwapa parke silaha ya kulinda dini, viongozi wa dini ndio watakaopigwa nayo.

Mkaaji wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi):
Mimi Mwislamu. Mapasta wanatusema kwenye vipaza sauti hadi usiku wa manane, na sijawahi kumshtaki hata mmoja. Sheria hiyo ikipita, kesi ya kwanza haitakuwa ya pasta. Itakuwa ya kijana wetu aliyesema Isa ni nabii, si Mungu. Kwangu hiyo ni imani, kwa jirani yangu ni kufuru. Na pale sisi tulipo wengi, Sokoto, Nigeria, Mei 2022 mwanafunzi Mkristo aliuawa chuoni na kundi la watu waliodai amemtukana Mtume. Silitetei. Nalitaja ili msidhani nasema haya kwa sababu tu hapa tuko wachache.

Mama wa Katuba:
Na akiingia kanisani katikati ya misa, akafanya vichekesho vyake mbele ya altare?

Wa Kamalondo:
Hapo atolewe, mama, na akigoma polisi waitwe. Watu wamekuja kusali, amewavurugia ibada. Mwanasiasa akija kupiga kampeni katikati ya misa, naye atolewe vilevile. Lakini akiyasema yaleyale barabarani, mwite mjinga, waambie wajukuu wasimtazame.

Mama wa Katuba:
Nitamwita, tena kwa sauti. Habari ya kadinali nimeielewa. Ya Bikira bado sijakubali.