Kampuni ya Mombasa yataka kututunzia kompyuta zote za Lamu. Tuwape, au tuajiri fundi?

Karani_wa_Langoni
Salaam aleikum jamaa. Tuna ofisi Langoni, nyumba mbili za wageni Shela na stoo Mokowe. Kompyuta 14, rauta 5, seva ndogo ya hesabu, na programu ya buking iliyo mtandaoni. Kijana wetu wa kompyuta anaondoka mwisho wa mwezi. Kotesheni tuliyoletewa: shilingi 65,000 kwa mwezi, "huduma zote", mkataba wa miaka mitatu, mtandao kupatikana 99%. Mkurugenzi ataka kutia sahihi wiki hii, mimi nasita. Mwasemaje?

Waya_Mrefu
Wa aleikum salaam. Asitie sahihi bado. Hiyo 99% ikikaa kwenye karatasi ni tamu, lakini mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia moja yake ni saa 7 na dakika 12. Zote zaweza kuangukia Ijumaa jioni wageni wakishuka botini, na mkataba usivunjwe. Tena 99% ya nini? Laini ya intaneti si yao, ni ya anayewauzia. Waandike wanachoshika wao hasa.
Waulize pia kama 65,000 ina VAT ndani. Ikiwa haina, weka 16%, mtalipa 75,400.

Fundi_Kusi
Mimi naangalia maji kwanza. Fundi wa Mombasa aje kwa barabara hadi Mokowe, avuke, kisha boti ya Shela. Upepo wa kusi ukichafua bahari hata boti zasita. Kwa hiyo mkataba uwe na muda wa aina mbili: wa kujibu kwa simu na kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali (dakika 30 zatosha), na wa kufika kwa miguu yake (siku ya kazi inayofuata, sema hivyo hivyo). Wakikupa namba moja tu, ni ile ya simu.
Kinachookoa ni vipuri vilivyo upande wenu wa maji: rauta moja iliyokwisha pangwa, swichi moja ya mtandao, adapta mbili za umeme, nyaya zenye vichwa. Vyote mali yenu. Bandika karatasi kwenye kila waya, mtu wa mapokezi aweze kubadilisha rauta huku akiongozwa kwa simu.
Na chumvi, yakhe! Pini za vichwa vya waya hufanya kijani, mtandao ukaanza kukatika-katika, kila mtu akalaumu laini. Kifaa cha nje kiwekwe kwenye sanduku lililofungwa, waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia ushuke kidogo kisha upande, matone yadondoke pale kwenye kona. Betri ya UPS (kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) nayo haipendi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Kila miezi mitatu chomoa plagi, hesabu dakika inazodumu.

BiMwana_Seva
Kabla ya kubishana nani aajiriwe, shughulikieni huyo anayeondoka. Fungueni akaunti kuu ya pili kwa jina la kampuni, muingie nayo mjaribu, ndipo muondoe yake. Watu hubadilisha nywila wakaacha namba yake ya simu ndiyo inayopokea namba ya siri ya uthibitisho. Hapo hamjabadilisha kitu. Angalieni jina la tovuti limesajiliwa kwa nani: likiwa lake au la mkandarasi, barua pepe zenu zote ziko mkononi mwa mtu.
La kujificha zaidi ni bakapu, zile nakala za akiba za data. Mara nyingi hujiendesha usiku chini ya akaunti yake. Mkiifunga, bakapu husimama kimya, na hakuna atakayejua mpaka diski ife.

Karani_wa_Langoni
Ahsante dada. Mkurugenzi asema data ikiwa kwao, ikipotea ni shauri yao.

Waya_Mrefu
Mwambie si hivyo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nakala za pasipoti za wageni ni dhamana yenu. Wao wanachakata tu kwa niaba yenu, na lazima kuwe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja na wageni wakawa hatarini, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu mjue. Wao sheria yawataka wawaambie bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana. Nyinyi andikeni 24, mpate nafasi ya kupumua.

BiMwana_Seva
Miaka mitatu ikataeni: mwaka mmoja, siku 90 za majaribio, notisi ya siku 30. Wakiondoka, data zote ziletwe kwa faili zinazofunguka bila programu yao, na nywila zote, bila malipo ya ziada. Kila robo mwaka warejeshe hesabu nzima kutoka kwenye bakapu kwenye kompyuta nyingine, karani afungue ankara tatu azione. Ripoti ya "bakapu imefaulu" msiipokee peke yake.
Mfanyakazi wa mwezi mzima kwa kompyuta 14 atakaa bure. Tafuteni kijana wa hapo hapo Amu (Lamu) wa nusu siku mara mbili kwa wiki, Mombasa wabaki na uangalizi wa mbali na bakapu, na bei ishuke.

Karani_wa_Langoni
Nimeingia sasa hivi kuangalia jina la tovuti. Limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana.

BiMwana_Seva
Basi mkalishe leo, alihamishe mbele yako. Kotesheni ingoje.