Tucson kwa baiskeli: mitaa ya kale, kingo za mito au upande wa chuo? Naomba ulinganisho

Mgogo wa Ipagala

Wadau, salaam. Novemba nakwenda Tucson, Arizona, kikazi. Kazi ikiisha nabaki na Jumamosi nzima, na Jumapili mpaka saa sita mchana. Mimi ni mtu wa baiskeli, si wa mashindano, ni wa kuzurura tu. Nimekulia Dodoma, kwa hiyo vumbi na jua havinitishi. Ninachotaka ni kuona nyumba za zamani, bustani, na namna watu wa jangwani wanavyoishi na ukame wao. Nimetajiwa njia tatu:

1. Katikati ya mji: El Presidio, Barrio Viejo na Armory Park.
2. Njia ya baiskeli inayofuata mito mikavu, wanayoiita The Loop, kuelekea kusini hadi kanisa la San Xavier.
3. Mashariki: Chuo Kikuu cha Arizona, mtaa wa Sam Hughes, bustani ya Himmel, mpaka bustani ya Reid.

Zote haziwezekani kwa raha. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi? Na baiskeli napata wapi bila kukamuliwa?

Binti Mkunazini

Kaka, namba 1, na uende taratibu. Nilisomea usanifu majengo huko, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Barrio Viejo ni mabaki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya mji ilibomoa kama ekari 80 za mitaa ya watu kupisha jumba la mikutano, ambalo lilifunguliwa 1971. Waliohamishwa walikuwa wengi wao Wamexico, pamoja na Wachina wenye maduka ya rejareja, watu weusi na Watohono O'odham (wenyeji wa asili wa huko), waliokuwa wakiishi mlango kwa mlango. Ikaja mipango ya barabara kuu ambayo ingemaliza na kilichobaki. Kilichosaidia kuizuia ni kijisehemu cha kuwashia mishumaa kinachoitwa El Tiradito, kilichoandikishwa 1971 kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Nenda ukakione, kipo Main Avenue. Ni ukuta wa udongo uliobomoka nusu, umekolea masizi, na chini yake glasi za mishumaa zimepangwa mpaka leo. Wenyeji husimulia kuwa aliyezikwa pale ni mtu aliyekufa kwenye ugomvi wa mapenzi akanyimwa makaburi ya kanisa. Shuka kwenye baiskeli ukifika, watu wanaomba pale.

Sasa nyumba zenyewe. Ingia Convent Avenue na Meyer Avenue. Kuta zimesimama ukingoni kabisa mwa njia ya miguu, hakuna bustani ya mbele, ua uko ndani na unaufikia kwa ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati. Matofali ni ya udongo uliokaushwa juani, unene wa ukuta unafika nusu mita. Paa ni bapa, na juu ya ukuta zimechomoza midomo ya kutemea maji ya mvua. Tafuta nyumba ambayo plasta yake imebanduka, sogeza uso karibu: utaona vipande vya nyasi kavu ndani ya tofali, kama vile liliumbwa juzi. Nyingine zimepakwa rangi kali, bluu, waridi, manjano ya bizari, na milango yake inapigwa picha kuliko maharusi.

Ukivuka kwenda Armory Park, mashariki kidogo, mambo yanageuka. Reli ilifika Tucson mwaka 1880 ikaja na mbao, mabati na matofali ya kuchoma. Wafanyakazi wa reli wakajenga kama walivyozoea kwao: nyumba katikati ya kiwanja, paa la mgongo, baraza mbele, nyasi mbele ya baraza. Yaani wakayafungulia jua madirisha ambayo jirani zao Wamexico walikuwa wameyafunga kwa makusudi. Kutoka aina moja ya nyumba hadi nyingine ni dakika chache za pedali. Ndani ya gari ungeyapita haya yote bila kuyaona.

Kamau wa Gea

Sasa wakubwa. Binti kaeleza vizuri, lakini mtu amesema yeye ni wa baiskeli! Namba 1 ni kusimama kila kona kama mkusanya kodi. Kuendesha hasa ni namba 2.

The Loop ina takriban kilomita 220 za lami, karibu zote bila magari. Na ina historia yake. Oktoba 1983 mito ya Tucson, ambayo karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, ilifurika ikabeba nyumba na madaraja. Baada ya hapo kaunti ikaimarisha kingo kwa udongo uliochanganywa na saruji, na juu ya kingo zikabaki njia za magari ya matengenezo. Hizo ndizo zilizogeuzwa kuwa njia ya baiskeli. Kwa hiyo unaendesha juu ya ukuta wa kuzuia mafuriko, ukiangalia mto usio na maji. Mtu wa Dodoma atapenda.

Ukifuata mto Santa Cruz kwenda kusini, kipande cha mwisho unaingia barabara za kawaida ndani ya ardhi ya Watohono O'odham, halafu San Xavier inatokea mbele yako, nyeupe, katikati ya vichaka. Ilikamilika 1797, na bado ni parokia yao. Mnara mmoja haukuwahi kumaliziwa. Kutoka mjini ni kama kilomita 15 kwenda tu.

Binti Mkunazini

Kamau, San Xavier sikatai. Lakini kwenye Loop yenyewe kwa sehemu kubwa unaona migongo ya mji: maghala, nyuma ya maduka, uzio. Aliyeomba ni nyumba na namna watu wanavyoishi.

Kamau wa Gea

Migongo nayo ni mji, dada. 😄

Mama Neema AZ

Habari zenu. Mimi nakaa Phoenix, Tucson tunakwenda na watoto, kwa hiyo nitaitetea namba 3 ambayo nyote mmeiruka.

Third Street, kuanzia chuoni kwenda mashariki, imetengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Magari yapo lakini yanapita polepole. Ukifika kwenye barabara kubwa kuna taa maalumu za baiskeli zinazoitwa Toucan: unabonyeza kitufe, unapata kijani chako mwenyewe, na magari yaliyo kwenye mtaa wenu hulazimika kukata kulia, hayaruhusiwi kuvuka nanyi. Ukiwa na mtoto wa miaka tisa nyuma yako ndipo unapojua thamani ya kitu hicho.

Sam Hughes ni mtaa wa miaka ya 1920 na kuendelea: kuta nyeupe, vigae vyekundu, matao. Cha kutazama pale ni viwanja vya mbele. Nyumba moja ina nyasi za kijani, jirani yake kang'oa zote kaweka kokoto, mpungate na mti wa palo verde ambao hata shina lake ni kijani. Ukipita nyumba kama kumi unajua nani analipa bili kubwa ya maji. Himmel ina maktaba na kivuli cha kutosha kulala. Reid ni kubwa zaidi, ina bustani ya waridi, bwawa la bata na zoo.

Kwa uaminifu, kwa mtu mzima aliye peke yake na mwenye siku moja na nusu, Sam Hughes ni nzuri ila haina uzito wa Barrio Viejo. Ungekuja na familia ningebisha.

Mtoto wa Uvira

Jambo wandugu. Mimi naishi Tucson tangu tulipotoka kambi ya Nyarugusu, na kinga, yaani baiskeli, ndiyo iliyonipeleka kazini kabla sijapata gari, na hata sasa naitumia. Acheni nimpe ndugu yetu mambo ya njiani, maana mnamchagulia mtaa na hajui kitakachomchoma.

Cha kwanza ni mbigili. Zimejaa pembeni mwa Loop na kwenye viwanja vitupu. Usiegemeze baiskeli kwenye vumbi, na ukiisukuma kando ya njia, inyanyue. Ukikodi, uliza kama tairi zimetiwa dawa ya kuziba pancha. Kama hazina, beba tyubu mbili na pampu. Moja haitoshi.

Cha pili ni reli za tramu. Tramu ilianza 2014, inapita katikati ya mji na Fourth Avenue hadi chuoni. Gurudumu likiingia kwenye ule mfereji wa reli unaanguka hapo hapo, na wengi wameumia. Zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, usiende nazo sambamba. Na usiseme basi nitapanda juu ya njia ya miguu: Tucson kuendesha baiskeli huko ni kosa.

Baiskeli: kuna maduka ya kukodisha katikati ya mji, ya kawaida na ya umeme. Ya umeme kwa namba 1 ni kutupa pesa, ni tambarare na kila dakika mbili unasimama. Kwa San Xavier inaweza kukusaidia, upepo wa mchana ukikukabili. Ukiwa unakaa muda mrefu, BICAS ni karakana ya jamii inayouza za mitumba na kukufundisha kuzitengeneza mwenyewe. Kwa siku moja na nusu, kodi tu.

Mgogo wa Ipagala

Ahsanteni sana, nimefaidika. Mama Neema, hiyo ya bili za maji imenikuna. Mtoto wa Uvira, hakuna mtaa ambapo naweza kuona watu wakivuna maji ya mvua? Kwetu ndilo suala.

Mtoto wa Uvira

Upo, na sijui kwa nini hakuna aliyeutaja. Dunbar/Spring, kaskazini kidogo ya katikati ya mji. Zamani ulikuwa mtaa wa watu weusi. Shule ya Dunbar ilifunguliwa 1918 kwa ajili ya watoto weusi tu, kwa sababu ya ubaguzi, na shule za Tucson ziliunganishwa 1951. Jengo lipo, sasa ni kituo cha utamaduni.

Ukiendesha pale tazama chini, siyo juu. Ukingo wa saruji wa barabara umekatwa hapa na pale, upana kama wa koleo mbili, na nyuma ya kila kato kuna shimo lenye matandazo na mti. Mvua ikinyesha, maji ya barabarani yanaingia shimoni badala ya kukimbilia mtoni. Wakazi walianza wenyewe bila kibali, mji ukaja kuhalalisha baadaye. Tucson hupata milimita 300 hivi za mvua kwa mwaka, karibu nusu ya Dodoma, na mtaa ule una vivuli. Miti mingi ni mesquite, na maganda yake wanasaga unga wa mkate.

Kamau wa Gea

Mesquite ni ndugu wa karibu wa mathenge, ule mti wetu wa Baringo, Kenya. Ule mti tuliopelekana nao mahakamani kwa kung'oa mbuzi meno, huku wanaula na chai.

Binti Mkunazini

Kwao uko nyumbani, Kamau, Baringo ulipelekwa ukageuka magugu. Kaka, ongeza Mission Garden basi. Iko chini ya kilima cha Sentinel Peak, ng'ambo ya Santa Cruz, mahali ambapo watu wamelima kwa zaidi ya miaka 4,000. Wamepanda bustani kwa zama zake: ya wenyeji wa kale, ya Wahispania yenye tini na makomamanga, ya Wachina. Haifunguliwi kila siku, angalia kabla.

Mgogo wa Ipagala

Nimefikia hapa. Jumamosi asubuhi El Presidio, kisha Barrio Viejo na Armory Park, mchana Mission Garden, jioni Dunbar/Spring. Jumapili alfajiri Loop mpaka San Xavier na kurudi. Mama Neema, Sam Hughes nitakuja nayo safari ya familia.

Mama Neema AZ

Sawa kabisa. Ila San Xavier Jumapili kuna misa, usiingie na kofia ya baiskeli kichwani.

Mtoto wa Uvira

Geuza Jumamosi yako: Mission Garden asubuhi, maana bustani haisubiri jioni na huko hakuna kivuli kingi, halafu Barrio Viejo jua likianza kulala, rangi za kuta ndiyo zinatoka vizuri. Kutoka Armory Park usirudi ulikotoka, pita daraja lenye umbo la nyoka juu ya barabara ya Broadway. Ncha moja ni mdomo wenye meno, nyingine ni mkia wenye njuga.

Na angalia tarehe. Novemba kuna El Tour de Tucson, maelfu ya waendesha baiskeli wanamiminika mjini. Ikiangukia wikendi yako, weka nafasi ya baiskeli na hoteli sasa hivi, na uulize barabara zipi zitafungwa.

Mgogo wa Ipagala

Nimeangalia, ni wikendi hiyo hiyo. Napiga simu dukani leo. Tyubu zao ni za inchi ngapi kwa kawaida, nibebe kutoka huku?

Mtoto wa Uvira

Usibebe. Wape picha ya namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ukishaichagua, watakuuzia hapo hapo.