Mkanda wa mapigo ya moyo unashika nyumbani ila ufukweni unakata, tatizo nini?

mbio_alfajiri: Wakuu naombeni msaada. Nina mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, unaungana na simu kwa bluetooth. Nikiruka kamba sebuleni unashika freshi kabisa, ila nikienda kukimbia Coco Beach grafu inakatakata, na kule hakuna kuta wala waifai za majirani. Simu naweka mfuko wa nyuma wa bukta. Betri nishabadilisha. Nilijua sehemu ya wazi ndo ingeshika zaidi, au mkanda mbovu?

fundi_antena: Mkanda mzima huo mkuu, kinachoziba ni mwili wako. Bluetooth inatumia 2.4 GHz na mtu zaidi ya nusu ni maji, sasa kwenye frikwensi hiyo nyama na maji vinameza mawimbi kwelikweli. Mkanda uko mbele simu iko nyuma, wimbi halipenyi katikati, linabaki kutambaa juu ya ngozi kuzunguka kiuno na likifika halina nguvu tena. Sebuleni unaokolewa na kuta na dari, wimbi linagonga huko linarudi mgongoni kwako. Ufukweni likishatoka limetoka.

nuru_k: Naongezea kwa fundi, hizo kuta nazo zina shida yake. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa kama sm 12.5, likikufikia kwa njia mbili na moja imezidi nyingine kwa sm 6 hivi basi yanauana, ndo moja ya sababu bluetooth inarukaruka chaneli, yaani inabadili frikwensi kila mara. Tulipokuwa chuo tulimfunga mwenzetu sensa mkononi na risiva kiunoni, akitembea tu nguvu ya signali inapanda inashuka kufuata mkono unavyorudi nyuma ya mwili, tukawa tunahesabu hatua zake kwenye skrini bila kumwangalia. Kwako ni grafu tu ila kwa mgonjwa aliyevaa sensa ya moyo hilo ni jambo zito, na kiwango cha IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki) cha mitandao ya mwilini, 802.15.6 cha 2012, kimeruhusu sensa moja ipokee data ya mwenzake aliyezibwa na kumfikishia kwenye risiva.

fundi_antena: Umenena dada. Mkuu hamishia simu mbele au ifunge mkono wa juu, halafu utupe mrejesho.

mbio_alfajiri: Nimerudi. Leo nimeifunga mkono wa kushoto, kilomita 6 imekata mara moja tu, nilipoinama kufunga kamba za kiatu.